Mateke Yanayorudi Nyuma

Jumatatu, 2 Februari

Siku tukufu! Nimeteuliwa timu ya kuogelea kwa kupokezana. Mimi, Orest, ambaye tangu shuleni nabaki ukutani timu zikigawanywa! Mashindano ya wakongwe ni Jumamosi, hapa hapa mjini kwetu Thunder Bay. Kocha Darlene alieleza kwamba umri wa waogeleaji wanne hujumlishwa, na bila miaka yangu tungetupwa kwenye kundi la vijana. Nikamshukuru kwa kuthamini uzoefu. Akasema si uzoefu, ni miaka tu. Kisha akatoa sharti: nikiendelea kupiga mateke kama ya leo, nafasi anampa Clifford, ambaye naye ni mzee na ana magoti mapya ya hospitali.

Mateke ya leo. Aibu! Kila mtu alishika kibao cha kuelea, miguu peke yake ifanye kazi. Nilipiga mpaka povu likafika kwenye mabenchi. Nikainua kichwa. Nilikuwa nimerudi nyuma! Bi Aune Pelkonen, mwanatimu mwenzangu mwenye miaka sabini na moja, alinigusa unyayo kuomba njia, kama ilivyo desturi yetu, akapita huku akimweleza mwenzake namna ya kupika supu ya samaki. Mzunguko uliofuata hakujisumbua kunigusa.

Jumanne, 3 Februari

Nimegundua! Ubaya uko kwenye vifundo vya miguu. Miaka yangu ya kuendesha baiskeli imevikausha, nyayo zinasimama majini kama reki. Dawa ni kuvilainisha. Nikakalia visigino mbele ya televisheni, mchezo mzima wa magongo ya barafuni. Timu yetu ikashinda. Sikuweza kuinuka kushangilia. Loretta, mke wangu, alininyanyua kwa makwapa, akauliza kama wazimu huu una tarehe ya mwisho. Namshukuru Mungu kwa mke mwenye mabega.

Jumatano, 4 Februari

Nimevaa mapezi mafupi ya mpira ya kuogelea, yamefichwa ndani ya soksi nyeusi. Akili hiyo! Darlene akauliza soksi za nini. Nikajibu nina fangasi. Njia yote ikawa tupu kabla sijamaliza sentensi. Mlinzi wa bwawa akanisindikiza bafuni kwa ufagio.

Alhamisi, 5 Februari

Leo nilijibana kando ya kamba inayotenga njia. Mkono mmoja juu ya kibao, mwingine chini ya maji unavuta kamba. Nikapaa! Darlene akapiga makofi. Clifford akabaki mdomo wazi.

Baadaye, ndani ya sauna, Bi Aune akamwaga maji juu ya mawe, akangoja mvuke utulie.

“Kijana, ile kamba imechoka au bado?”

Nilitamani kuyeyuka. Lakini hakunichongea! Aliniamuru nije kesho alfajiri. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema mwezi ujao anabadilishwa nyonga, na huenda hizi zikawa mbio zake za mwisho. Hataki kuzimaliza akisikiliza habari za magoti. “Clifford akianza na magoti yake, hata maji yanachoka, baba.”

Mwanamke wa dhahabu. Nimekosa usingizi kwa shukrani.

Ijumaa, 6 Februari

Bi Aune alinishikisha ukingo wa bwawa, akatazama miguu yangu, akasema naendesha baiskeli majini. Goti linakunjwa mno! Teke lianzie nyongani, liwe dogo, kifundo kilegee. Nitikise mguu kana kwamba nataka kiatu kidondoke bila kukigusa. Nikatikisa. Nikapewa kibao. Nikaenda mbele!

Polepole, lakini mbele. Nililia ndani ya miwani mpaka nisiuone ukuta. Darlene alishuhudia, akasema nafasi ni yangu. Clifford alinipa mkono kiungwana, akanieleza habari za magoti yake. Nilimshukuru hata yeye.

Jumamosi, 7 Februari

Katika timu yetu niliogelea zamu ya tatu. Miguu ilisukuma! Nikamkabidhi Bi Aune zamu ya mwisho, akaondoka kama kijana. Nikatoka majini, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akagusa ukuta akiwa wa pili. Medali!

Moyo ukafurika. Nikajirusha majini kumkumbatia.

Timu nyingine zilikuwa bado zinakuja. Mwamuzi akainua mkono. Hakuna anayeruhusiwa kuingia majini kabla wote hawajamaliza. Tumefutwa. Darlene aliketi sakafuni palipolowa. Mimi nilitaka kufa.

Bi Aune alicheka mpaka akashikilia kamba. Akasema medali anazo droo nzima, ila tangu marehemu mumewe hakuna mwanamume aliyejitupa kwake mbele ya watu. Akanibusu kwenye kofia ya mpira. Nampenda sana yule mama.

Jumapili, 8 Februari

Nimeamka na shukrani tele. Darlene alipiga simu, akasema siku nyingine nikimaliza kuogelea nitafungiwa ndani ya chumba cha kubadilishia nguo. Siku nyingine! Kumbe ananihesabu tayari.

Jambo moja linanisumbua. Nimezifikiria mbio za jana, na mguu wa kushoto wa Bi Aune ulikuwa mzito kidogo. Hana mtu wa kumrekebisha, maskini. Nimemwachia ujumbe aje kesho alfajiri, nimfundishe kupiga mateke. Sitamtoza chochote.