Sabuni ya Wataliano

Jumatatu, 5 Machi 1984
Padre Bernado ametangaza: Wataliano wanakuja kuchimba visima, wanataka mtunza stoo mmoja anayejua Kitaliano. Stoo yenye sabuni! Sisi hapa Bukima tunafulia majani ya mpapai. Waombaji ni mimi na Felisian. Kitabu cha sarufi ni kimoja. Nimeanza nacho mimi, maana nimemaliza kidato cha nne.

Jumanne, 6 Machi
Ukurasa wa 41. Balaa! Mpewaji na kitu chenyewe wanakaa pamoja mbele ya kitenzi. Me lo dai: unanipa hiyo. Mi yao, yaani "kwangu", imegeuka me. Kwa idhini ya nani? Dada yangu Boke akasema mbona kwa kikwetu tunavibanaga vyote viwili ndani ya neno moja. Nikamwambia hii ni lugha ya Ulaya, akapepete dagaa wake.
Nimekariri safu ya kwanza: me lo, me la, me li, me le. Vyote vinakuja kwangu. Safu nzuri!

Jumatano, 7 Machi
Kesho kitabu kinakwenda kwa Felisian. Nimechana ukurasa wa 41. Safu zilizobaki nitakariri baadaye. Nimeuficha katikati ya magazeti ya zamani, uvunguni. Nani atatafuta karatasi kwenye karatasi?

Ijumaa, 9 Machi
Magazeti hayapo! Boke kafungia dagaa sokoni. "Kaka, si yalikuwaga yamekaa tu?" Nikauliza nani alinunua. Wengi. Hata Felisian, mafungu mawili.

Jumamosi, 10 Machi
Mtihani. Padre kanishikisha kipande cha sabuni: nitasemaje nikimpa Dorotea, mpishi wake? Nikatamka kwa sauti: Me lo dai! Padre akacheka mpaka miwani ikaanguka. Kijana, nimesema umpe, wewe unamdai! Mtunza stoo anayejua kupokea tu simtaki.
Felisian akasema: Glielo do. Nampa hiyo. Mikono yake inanuka dagaa! Kazi kapewa yeye. Nimeonewa.

Jumatatu, 12 Machi
Felisian kaniletea ukurasa wa 41, umelowa mafuta, niubandike kabla Padre hajajua. Na kipande cha sabuni juu yake. Sabuni nimepokea.
Kosa ni la dagaa, si langu. Nasikia Wajerumani wanakuja Kiabakari. Sarufi yao nimeazima, ukurasa mgumu nimeshachana. Nimeuficha palepale uvunguni, katikati ya magazeti mengine. Safari hii ni salama: Boke ameacha dagaa. Kesho anaanza kuuza karanga.