Mstaafu Anenepa kwa Kalamu

Jumatatu, 3 Juni
Aibu! Ubao wa uzito wa farasi umetundikwa ofisini, na kati ya mabanda mawili ya mradi sisi ni wa mwisho. Bi Rula, mwandishi mwenzangu wa kumbukumbu wa banda la jirani, ameniuliza kwa upole kama farasi wangu Mstaafu bado yupo, au alijificha nyuma ya ufagio akapotea. Vijana wakacheka. Hata wangu! Kidoti peke yake alinuna. Ndiye anayemsugua Mstaafu kila asubuhi.

Nimewaza. Mizani hatuna. Tunamzungushia farasi utepe kifuani na kusoma kilo. Utepe anaushika Kidoti. Kalamu ninayo mimi.

Jumanne, 4 Juni
Nimepima upya, mablanketi mawili chini ya utepe. Kidoti akauliza, mzee, kwani anaona baridi? Nikamwambia huo ni utaalamu. Mstaafu kaongezeka kilo sitini kwa usiku mmoja! Nimejivuna kana kwamba nimemlisha.

Kule kwetu, kabla hatujakimbia vita, marehemu baba alikuwa na farasi. Hakuandika hata neno juu yake. Alimlisha tu. Wazee wale hawakuwa na mpangilio.

Ijumaa, 7 Juni
Wa kwanza! Meneja amenipongeza mbele ya watu. Kisha akasema, kwa kuwa farasi wetu wameshiba hivi, nusu ya nyasi zao kavu ziende kwa Bi Rula, ambaye takwimu zake zinasikitisha. Bi Rula akanishukuru, Mungu anizidishie. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Jumatano, 12 Juni
Mstaafu anatafuna mlango. Kidoti amenisihi nikaseme ukweli ofisini, nyasi zirudi. Nimemwambia mambo haya yana njia ya heshima. Kitabuni nimemwondolea Mstaafu kilo zote sitini, na kumi zaidi za kuwatia huruma.

Alhamisi, 13 Juni
Huruma haikuja. Amekuja daktari wa mifugo. Kasoma kitabu changu kwa makini zaidi kuliko alivyomtazama farasi. Kausifu mwandiko. Kasema farasi mzee hapotezi kilo sabini ghafla hivi ila ana ugonjwa mbaya, na wengine wasije wakaambukizwa. Sindano ya kumpumzisha milele ni kesho.

Kidoti akanivuta mkono. Mzee, waambie ya mablanketi, mzee wangu. Nikafungua mdomo. Meneja alikuwa amesimama pale pale, na chumba ninacholala ni cha mwandishi wa kumbukumbu. Sina kwingine. Nikaufunga.

Ijumaa, 14 Juni
Kidoti alimsugua kwanza, hadi kwato, kama anayemwandaa kwa safari. Mstaafu alisimama akimlamba bega. Halafu basi.

Nimeandika saa na sababu ya kifo. Mwandiko ni safi.

Jumatatu, 17 Juni
Wa mwisho tena. Bi Rula amenipa pole bila utani wowote. Hilo limeniuma. Kidoti kahamia kwake, kanipita mlangoni bila hata shikamoo. Watoto wa siku hizi!

Jioni tumeletewa farasi jike mpya, mbavu nje kama ngazi. Nimekaa dirishani nikamtazama, na kosa langu nikaliona wazi: pupa. Kilo sitini kwa mpigo! Huyu ataongezeka tano tu kwa wiki, polepole. Blanketi moja.

Utepe nitaushika mwenyewe.