Vita vya Kengele ya Saa Sita na Nusu

Sogeeni, enyi mliowahi kupanga foleni na sahani mkononi mbele ya jungu lisilochemka! Sogeeni na nyinyi mliotafuna chakula kilichoganda kwa sababu kengele ilichelewa kulia! Acheni soga, mnyamazisheni mtoto anayelia, maana habari hii ni nzito na haisimuliwi mara mbili. Nawasimulia jinsi Mwalimu wa Hesabu, Malkia wa Chaki, Mvunja Mabano, Mnyoosha Sehemu, alivyoshuka uwanjani siku ya Ijumaa, kipindi cha tatu, kupigana na wastani.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Kengele ya shule ile ilikuwa rimu kuukuu ya gari, imening'inizwa barazani kwa waya, na mgongaji wake alikuwa amehamia shule nyingine. Cheo kikabaki wazi, na cheo hicho, kwa darasa la saba, kilizidi ufalme. Wakajitokeza wagombea wawili. Wa kwanza ni Radi, mvulana mwenye mkono ambao ukishusha nondo juu ya rimu, njiwa wote wa paani huhama. Wa pili ni Kimya, msichana mwembamba ambaye tangu mwaka uanze hajasikika akisema neno zaidi ya "Nipo" wakati wa kuitwa majina. Kila mmoja akapewa wiki nzima ya kugonga kengele ya chakula, ambayo wakati wake ni saa sita na nusu.

Mama Jikoni, mpishi wa shule, ndiye aliyeandika matendo yao. Kila siku alitazama saa ya ukutani, kisha kwa kipande cha mkaa akaandika ukutani mwa jiko ni dakika ngapi kengele imewahi au imechelewa. Wiki ya Radi ilisomeka hivi: imewahi tisa, imechelewa nane, imewahi sita, imechelewa kumi, imewahi tatu. Ya Kimya: imechelewa moja, imewahi moja, barabara, imechelewa moja, imewahi moja.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu Mkuu akazijumlisha. Za kuwahi zikazila za kuchelewa, ikatoka sifuri huku na sifuri kule.

"Kwa wastani," akatangaza mbele ya shule nzima, "wote wawili wamegonga saa sita na nusu kamili! Hakuna aliyemshinda mwenzake. Ijumaa, wakati wa mapumziko, nitarusha sarafu."

Darasa la saba likapiga makofi. Kimya akatazama viatu vyake. Mwalimu wa Hesabu alikuwa amemwona mtoto yule akisimama barazani siku tano, macho kwenye saa, hata maji hanywi. Akamfuata Mkuu ofisini.

"Mwalimu Mkuu, hawa hawalingani hata kidogo."

"Mwalimu, mimi na wewe tukibishana nani atatuamua? Nikimchagua mmoja watasema nimependelea." Mkuu akaigeuzageuza sarafu mezani. "Basi mtoto mmoja wa darasa la saba anieleze mwenyewe, kwa maneno yake. Nikielewa, hii inarudi mfukoni."

Jumatatu hiyohiyo Mwalimu akapigana, akashindwa. Aliandika ubaoni MTAWANYIKO kwa herufi kubwa, watoto wakalinakili neno kwa mwandiko mzuri, na alipowauliza nani bora wakajibu kwa sauti moja, "Wastani sawa, Mwalimu, wamelingana!" Jumatano akarudi na fomula ndefu kama treni, akashindwa vibaya zaidi. Na angemlaumu nani? Ni yeye mwenyewe aliyewafundisha tangu darasa la sita kwamba ukikuta namba zimejazana, tafuta wastani, mambo kwisha. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ndipo ikafika Ijumaa. Ewe chaki, fimbo nyeupe ya wanyonge, usikatike leo! Mwalimu aliingia bila kitabu, ana kamba ya kurukia mkononi, akapiga goti mbele ya jeshi lake la watu arobaini na mmoja, akachora sakafuni mstari mrefu kuanzia kona ya mafagio mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka ukingo wa baraza. Katikati akaandika sifuri, kisha akaweka alama moja kwa kila hatua.

"Enyi majemadari wa darasa la saba!" akanguruma. "Leo hatuandiki. Leo tunasimama! Kila mtu ni siku, kila dakika ni hatua. Kuwahi ni kuelekea kwenye mafagio, kuchelewa ni kuelekea nje. Kimya, leta watu wako!"

Siku tano za Kimya zikasimama. Zikabanana kwenye sifuri zikikanyagana vidole, hata moja ikapiga kelele, "Sogea, unanisukuma!" Kamba ikavutwa toka wa kwanza hadi wa mwisho: hatua mbili tu.

Zikaitwa siku za Radi. Ya kuwahi tisa ikajikuta imekumbatia mafagio. Radi mwenyewe akachukua Alhamisi yake, ile ya kuchelewa kumi, akatoka mlangoni, akavuka baraza, akaishia mguu mmoja ndani ya mfereji wa maji ya mvua. Kamba ikavutwa, ikaisha njiani. Mwalimu akavua mtandio wake, akaufunga kwenye ncha ya kamba, nao ukafika mferejini ukiwa umekazika kama ngoma. Hatua kumi na tisa!

Darasa likanong'ona. Mwalimu akahisi ushindi uko karibu, akauliza, "Sasa, kwa kawaida, siku moja ya Radi iko mbali kiasi gani na sifuri?"

Ah, haraka haraka haina baraka. Msichana wa dawati la mbele, hodari wa kujumlisha, akapiga hesabu hewani. "Kwenda huku kumi na nane, kwenda kule kumi na nane. Zinakatana. Sifuri, Mwalimu!"

"Sifuri!" jeshi zima likaitikia. Chaki ikakatika vipande viwili. Mwalimu akaangalia saa: dakika sita zimebaki, na barazani Mkuu alikuwa tayari anakuja, sarafu kiganjani. Kwa kweli, alitamani kulia.

Ndipo sauti ikatoka mferejini.

"Sifuri gani?" alifoka Radi. "Mimi niko huku juani, kiatu kimelowa, mnasema sijaenda popote? Nimetembea hatua kumi! Na huyo wa kwenye mafagio katembea tisa. Mkiambiwa hatua, hesabuni hatua. Nani kawauliza ni za kwenda wapi?"

Kisha vidole vikaanza kuhesabu: tisa, nane, sita, kumi, tatu. Thelathini na sita kwa siku tano: hatua saba na ushei. Za Kimya zilikuwa nne kwa siku tano, hata moja haikufika.

Mkuu alikuwa amesimama kando ya mfereji. "Kijana, unafanya nini humo?"

Radi alitazama kamba, akatazama umbali kutoka kwenye sifuri, na uso ukamshuka. Aliitaka kengele ile kuliko kitu chochote. Lakini hesabu aliipiga mwenyewe.

"Mimi nimetawanyika, Mwalimu Mkuu," akasema. "Katikati yetu ni ileile, ila mimi siku zote niko mbali nayo, huku au kule. Mwenzangu yuko hapohapo. Ukirusha sarafu utamwonea."

Dirishani akatokea Mama Jikoni na mwiko wake. "Nilisema mimi! Jumatatu watoto wamenijia jungu bichi, Alhamisi wamekula barafu. Mimi sipiki wastani, Mwalimu Mkuu, napika chakula!"

Sarafu ikarudi mfukoni.

Saa sita na dakika ishirini na nane, Kimya alisimama chini ya rimu, nondo mkononi, na Radi kando yake, amepewa kazi ya kutazama saa kwa ombi lake mwenyewe.

"Bado," akanong'ona Radi.

"Najua," akajibu Kimya, na Mwalimu aliyesimama mlangoni akalisikia neno hilo, machozi yakamlengalenga.

Rimu ikalia. Mama Jikoni akafunua jungu, mvuke ukapanda, foleni ikasogea bila kulalamika. Kisha akachukua mkaa akaandika ukutani ushindi wote wa vita vile. Andikeni nanyi, enyi wasikilizaji, muwaambie na wajukuu: damu haikumwagika, kiatu kimoja kililowa, mtandio mmoja ulichafuka, na kilichopatikana ni sifuri. Ukuta ule umepakwa chokaa mara mbili tangu siku hiyo, na mara zote mbili Mama Jikoni amemwambia fundi aizunguke sifuri ile.