Kibao Changu na Kompyuta ya Januarius

Jumatatu, 1 Julai 2002
Nimerudi kutoka Mwanza na utajiri! Kibao cha herufi, chepesi, unakibeba kwapani. Unakichomeka kwenye televisheni yoyote, unaandika. Kompyuta ya nini tena? Mtu wa kawaida anataka kuandika barua, harushi roketi. Jirani yangu hapa Somanda, Januarius, kanunua kompyuta nzima, na feni ndani. Masikini!

Chama cha wakulima wa pamba kinatafuta wa kuchapa orodha za wanachama. Kazi ya mwaka mzima! Tangu nipunguzwe kazini sijaona nafasi kama hii. Milembe, mke wangu, kasema nikiikosa tunahamia kijijini kwao, kuvuna pamba. Sitaikosa.

Jumatano, 3 Julai
Dosari ndogo. Kibao hakitoi karatasi. Ukikizima, maneno yote yanapotea. Dawa nimeipata: mimi nitasoma kwenye kioo, Milembe atanakili daftarini.

Akaniuliza, "Sasa Baba Shija, kama ni kunakili kwa kalamu, si tungeandika kwa kalamu tangu mwanzo?"

Wanawake wengine hawapendi maendeleo.

Alhamisi, 4 Julai
Nimekwenda kwa Mzee Kasmiri, katibu wa chama. Nikapendekeza mashindano ya hadhara, kama makundi yetu ya ngoma za Kisukuma, Bagalu na Bagika: Januarius upande huu, mimi ule, tunaanza pamoja, anayevuta watu wengi ndiye bingwa. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema Sabasaba atakuja kuona kazi. Nimehesabu kwamba kanuni ameikubali.

Jumapili, 7 Julai
USHINDI!

Tulijipanga nje ya grosari ya Joyness, mwenye televisheni na dishi. Mwanzo mgumu. Niliandika KARIBUNI WAKULIMA. Watu tisa wakatazama, wawili wakapiga miayo. Wengine wote kwa Januarius, mashine yake inatema karatasi. Jasho likanitoka. Mkono ukateleza, nikabonyeza kitufe cha televisheni, maandishi yakatoweka, ukatokea mpira!

Watu walihama mbio! Wengine walipanda juu ya baiskeli zao waone vizuri. Hata mke wa Januarius alikuja, tena na kigoda. Upande wa pili akabaki Januarius na mzee mmoja wa kofia iliyomficha uso, wameinamia karatasi. Niliwahurumia kwa kweli.

Jumatatu, 8 Julai
Mzee wa kofia alikuwa Kasmiri. Kazi kapewa Januarius.

Nilikwenda kulalamika. Nikamkumbusha ule umati. Akanijibu taratibu, "Umati nimeuona, mwanangu. Majina ya wakulima wangu je, yako wapi?"

Nikarudi nyumbani. Nimeumia sana. Milembe hakunigombeza, alianza kufunga vyombo kimya kimya. Bora angenigombeza.

Jumatano, 10 Julai
Kijijini. Mama mkwe kanionyesha shamba langu. Pamba nyeupe mpaka mwisho wa macho. Machozi yalinilengalenga.

Jioni nikapita nyumba kwa nyumba. Jamani! Kijiji kizima hakuna kompyuta hata moja! Sina mpinzani! Televisheni nayo hakuna, wala umeme, lakini hivyo ni vitu vya kununua tu. Nimemweleza mama mkwe jinsi ng'ombe wake watatu wanavyoweza kuleta vyote viwili. Alinitazama muda mrefu bila kupepesa. Nadhani amevutiwa.