Anacleto, Mjuzi wa Vitenzi na Viazi vya Watu

Jumanne, 6 Mei

Neema imeshuka hapa kijijini kwetu Ccollpapampa, tena imeshuka na miwani. Daktari Rosaura Yépez wa chuo kikuu kule Cusco kafika kuchunguza lugha yetu, Kiquechua. Anataka kujua nomino inavyovaa viambishi, kitenzi kinavyojengwa, na tunavyosema "mtu aliyekuja" au "mbwa aliyepotea". Mambo ninayoyasema bure tangu kunyonya! Na si hayo tu. Jumatatu ijayo atachagua mtu mmoja, aondoke naye akawe msaidizi wake chuoni mwaka mzima. Kiti chenye mto. Chumba chenye joto. Kazi ya kuongea! Kama Mungu hakuniumbia mimi kazi hii, basi hakumuumbia mtu.

Mke wangu Hilaria kauliza viazi vyetu vitachimbwa lini, maana jalidi, ile baridi ya kugandisha, ikishuka usiku mmoja tu, viazi vya juujuu vimekwisha. Nikamwambia mtaalamu hachimbi.

Nina hofu moja. Shemeji yangu Wilfredo, kaka yake Hilaria. Husoma matangazo ya vifo redioni, basi anadhani koo lake la malaika. Naye anaitaka kazi. Kavaa tai!

Jumatano, 7 Mei

Kikao cha kwanza, darasani. Shule imefungwa kwa ajili ya mavuno, kwa hiyo kimya kizuri. Daktari akaniomba niseme "mtu alimwona mbwa". Nikasema. Akauliza kwa nini neno la mbwa limepachikwa kijineno mwishoni na la mtu halikupachikwa. Nikajibu bila kusita: kwa sababu mbwa ni mdogo. Akaniomba nigeuze, mbwa alimwona mtu. Lo! Kijineno kikahamia kwa mtu. Nikasema inategemea na mtu mwenyewe.

Wilfredo akakohoa kwa sauti yake ya msiba. Akaeleza kwamba kijineno kinamfuata anayetendewa. Akaendelea: tuna umbo moja la anayefanya jambo, jingine la jambo lililokwisha fanyika, jingine la jambo linalosubiri kufanyika. Viazi vilivyochimbwa si sawa na viazi vya kuchimbwa. Daktari akamwambia vizuri sana! Mara mbili!

Nikamsimulia Hilaria nyumbani. Akasema yeye tofauti hiyo anaijua vyema, maana vyetu vyote ni vya kuchimbwa.

Alhamisi, 8 Mei

Nimepata njia. Ala! Akili hii mbona haikugunduliwa mapema?

Daktari ana njaa ya sentensi. Zile ndefu, zenye "aliye" na "ambaye" zilizobebana mgongoni. Peke yangu sitamshibisha. Lakini tuna ayni: leo mkono wako shambani kwangu, kesho mkono wangu shambani kwako. Nani kasema mkono lazima ushike jembe? Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Njooni asubuhi moja mkaongee mbele ya Daktari, mseme mmeletwa na Anacleto, nami nitamchimbia kila mtu siku moja. Mama Casimira kakubali. Mzee Tiburcio kakubali, ila kaniuliza kama nakumbuka jembe hushikwa upande gani. Kijiji karibu kizima! Tumetafuna majani ya koka pamoja, neno limefungwa.

Hilaria kataka kujua nitawachimbia siku ipi. Nimemwambia hatukutaja siku, kila mtu ataniita siku yake ikifika. Akauliza yetu je. Wanawake wana haraka.

Ijumaa, 9 Mei

Ushindi! Darasa limejaa hadi mlangoni. Mzee Tiburcio katoa sentensi moja kuhusu lama, mnyama wake wa mizigo aliyepotea, ambaye aliuzwa na yule baba yake wa ubatizo aliyefariki mwaka lilipoanguka daraja lililojengwa na mainjinia waliokuwa wakilewa. Yote kwa pumzi moja. Daktari machozi yalimlengalenga. Akauliza nani kawaleta watu hawa. Wakasema kwa pamoja: Anacleto! Wilfredo akalegeza tai.

Daktari kasema Jumatatu darasani atasikiliza maelezo ya kitenzi, kisha achague. Mimi yangu tayari. Kitenzi chetu ni lama. Shina ndiye lama mwenyewe. Viambishi ni magunia, na magunia hupakiwa kwa mpango: kwanza la jambo lenyewe, halafu la wakati, la nani alitenda linafungwa mwisho. Ukipakia ovyo, lama analala chini, hata umpige teke haamki. Nimebuni mwenyewe. Nimejipongeza kwa chicha kidogo, pombe yetu ya mahindi.

Jumapili, 11 Mei

Masikini mimi! Mbingu zimetakata toka jana, upepo umekufa. Hapa kwetu hata mtoto anajua maana yake: jalidi iko njiani. Mama Casimira kagonga mlango, siku yake ni kesho. Nikiwa bado namjibu, mzee Tiburcio nyuma yake. Siku yake kesho. Wengine uani. Kesho! Wote kesho!

Nikasema kesho nina mtihani wa kitenzi. Mama Casimira akasema basi kitenzi ndicho kije kunipaulia nyumba, na siku nikifa kitenzi kinibebee jeneza. Nikanywea. Ayni haikataliwi. Anayeikataa huishi kama jiwe, na hata jiwe watu hulikalia.

Mzee Tiburcio akakata shauri: wataunganisha nguvu wachimbe mashamba yao yote kwa zamu, wakianzia kwa Casimira. Nisipokwenda nitume mtu badala yangu, desturi inaruhusu, ila awe na mikono, si mdomo mtupu.

Hapo ndipo nikakumbuka. Wilfredo! Siku ya harusi yake nilimbebea kabati toka barabarani mpaka kilimani. Hajawahi kunirudishia. Nikamwendea mbio: shemeji, kesho unanichimbia kwa Casimira. Nilitegemea ugomvi. Aa wapi! Akaniambia haki yako, shemeji, akaenda kutafuta jembe. Kwa furaha yangu nikamsimulia na habari ya lama. Akacheka, akasema ni nzuri sana.

Yaani mshindani wangu shambani, mimi darasani peke yangu. Ndege wawili kwa jiwe moja. Nimepiga pasi koti.

Jumatatu, 12 Mei

Nimefika darasani mapema. Daktari hajafika. Nikafanya mazoezi. Bado hajafika. Akaingia kuku. Nikamweleza kuku habari ya lama, akatoka kabla sijafika gunia la wakati. Jua likapanda, likasimama, likaanza kuteremka. Nikatoka nje kuangalia.

Nikamwona Daktari kule ng'ambo. Shambani kwa Casimira! Kakaa juu ya gunia, kinasa sauti mapajani, viatu vimejaa udongo, anacheka na kijiji kizima. Wote wanaosema walikuwa kule, naye kawafuata. Angenifuata mimi na kuku kwa nini?

Nikakimbia na koti langu. Wilfredo hana tai, jasho linamtoka, anachimba na kuongea kwa sauti ya kawaida ya mtu. Watu wanapokezana: nipe jembe lililovunjika, tupa viazi vilivyooza, mwite yule anayelala. Daktari anauliza, Wilfredo anajibu, asichojua anasema hajui. Nikamkuta Daktari kampa mkono. Kazi ni ya Wilfredo.

Baya zaidi, habari ya lama Wilfredo alimsimulia Daktari, na akamwambia ni ya Anacleto. Hata kuiba hakuiba! Daktari akaniambia imempendeza mno. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, nilikuwa nikifanya nini darasani peke yangu wiki ya mavuno. Roho iliniuma, na bado inaniuma.

Nikashuka shambani kwetu. Hilaria kachimba peke yake tangu asubuhi, viganja vimechubuka. Nikavua koti, nikachimba naye mpaka giza likatufukuza. Nusu ya shamba imebaki.

Jumanne, 13 Mei

Jalidi imeshuka. Viazi vya juujuu vya nusu iliyobaki vimekwenda nayo. Tutavianika, tuvikanyage maji yatoke, viwe chuño, viazi vikavu vya kula mwaka mzima. Nimekanyaga pekupeku toka asubuhi. Miguu siisikii. Hilaria kasema angalau leo nimeshika kazi inayotumia upande wa mwili ulio mbali na mdomo.

Mama Casimira kapita kunikumbusha. Wilfredo kamlipia yeye siku yake. Wengine je? Wilfredo ni mmoja, niliowaahidi ni kijiji.

Jumapili, 18 Mei

Mgongo umekatika. Nimechimba viazi vya chini vilivyonusurika kwa Tiburcio, kwa jirani yake, kwa jirani wa jirani yake. Wilfredo kaondoka na Daktari asubuhi. Alinikumbatia, akaniachia jembe lake. Hilaria alilia, nami kidogo, vumbi lilikuwa jingi.

Lakini kabla ya kupanda gari Daktari kasema kitu. Mwezi Agosti, majira ya kupanda, rafiki yake atakuja kuchunguza nyimbo zetu za kazi. Naye atahitaji msaidizi!

Safari hii sifanyi kosa. Nimekwisha elewa wasomi hawa wanapenda nini: wanataka kumkuta mtu shambani, ana udongo, anaimba. Shamba letu liko bondeni, halionekani barabarani. La Tiburcio linaonekana vizuri sana. Nimemwendea jioni hii. Kakubali nionekane nikilima shambani kwake, na kijiji kiimbe nyuma yangu. Malipo yao ni madogo tu: nimewaahidi kila mmoja siku moja ya kupanda, watachagua wenyewe lini.

Hilaria bado sijamwambia.