Kilemba cha Bastola

Jumapili, 6 Oktoba

Nimeapa. Mke wangu Shemsa kanisimamisha jikoni kabla sijamaliza hata chai, akanitaka niseme kwa ulimi wangu: hakuna bunduki nyingine itakayovuka mlango huu mpaka Nasreen aolewe. Nikasema. Chai ikaniingia puani.

Hajui anachonitaka. Mimi mkusanyaji. Nakusanya magobori, zile bunduki kongwe za kushindilia baruti mdomoni, zilizofuliwa mji huuhuu wa Birmingham enzi za mababu zikapakiwa melini kwenda pwani kwetu. Hazina dhara. Sheria inaziachia zikae ukutani kama pambo, maana hazifyatui hata kikohozi. Zenyewe zilitoka huku zikaenda kwetu, mimi nikatoka kwetu nikaja huku. Tupitane bila kusalimiana?

Shemsa anasema kusalimiana si kulala nazo. Kidogo ana haki. Tuko ghorofa ya kumi na moja hapa Ladywood, na nafasi ni ileile tuliyopewa. Magobori mawili nyuma ya kochi, moja juu ya kabati, manne uvunguni mwa kitanda cha Thuwaiba, binti yetu mdogo. Moja liko bafuni kwa muda. Muda umekuwa mrefu.

Jumamosi tunaletewa posa. Nasreen, mkubwa, mfamasia, anaposwa na Suhaib, kijana mwenye adabu zake. Wamependana, wamengojeana mpaka kijana amalize masomo, mama mtu kishachagua mpaka rangi ya mapazia. Mimi pia nimefurahi. Tatizo ni baba yake Suhaib.

Baba yake ni Mbarouk wa Longbridge. Naye anakusanya.

Na ndiye mwenye pacha wa bastola yangu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo kazini nimepitiliza vituo viwili, na basi ninaloendesha limejaa. Watu wanabonyeza kengele, mimi namwona ndege.

Niandike habari ya ndege. Bastola yangu ina mtutu wa shaba, na kwenye kitako amechongwa ndege anayetazama kushoto. Miaka yote nilidhani anatazama kushoto kwa hiari yake. Sikukuu ya Idi Mbarouk akanionyesha picha kwenye simu: bastola ileile, shaba ileile, ndege anatazama kulia. Ni jozi! Fundi alizitengeneza zitazamane. Tangu siku ile chakula hakina chumvi mdomoni mwangu.

Wakati wa mapumziko nimempigia Mbarouk. Nikamwambia kwa upole nimpe gobori langu refu, lile la njumu za fedha, anipe ile bastola. Akacheka. Akasema ndevu zake atanyoa kwanza. Kisha akathubutu kuniuliza kama mimi yangu naiuza. Nimekata simu bila kuaga, halafu nikakumbuka tutakuwa wakwe, nikampigia tena kuaga.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepita duka la Davinder, muuza vitu vya kale, kule mtaa walikokuwa mafundi wa bunduki zamani. Nimepita tu. Kanitolea pembe ya kuwekea baruti, laini kama shavu la mtoto.

Pembe ya baruti si bunduki. Kiapo kimesimama.

Jumatano, 9 Oktoba

Mtutu bila kitako nao si bunduki. Ni bomba tu. Davinder mwenyewe kakubali.

Lakini jambo kubwa la leo ni jingine. Valère, dereva mwenzangu, mtu wa Bukavu anayekaa Castle Vale, kaniona nakunywa chai bila kuongea akauliza nina ugonjwa gani. Nikamweleza. Akashangaa kwamba nahangaika. Akasema, na Kiswahili chake kile, "Kwetu baba ya binti anaombaka ng'ombe, anaombaka na koti. Weye uko naogopa kuomba kabunduki?"

Nikanyanyuka na kikombe mkononi. Kilemba!

Sisi nasi tuna mila yetu. Mahari ni ya bibi harusi peke yake, hatuigusi. Lakini kuna mkaja wa mama, na kuna kilemba cha baba, shukrani ya kumlea mtoto. Siku hizi hapa Birmingham watu wanasamehe, wanaona aibu. Kwa nini nisamehe? Nimelea miaka yote hiyo. Nimesimama kwenye baridi ya kiwanja cha shule na skafu ya mama yake shingoni. Kilemba ni haki yangu, na hakuna aya wala sheria inayosema lazima kiwe kitambaa.

Jioni nimegusia kwa mbali. Nikasema mila zetu zinapotea, mathalan kilemba. Shemsa akaacha kukanda unga akanitazama. Akauliza mila zimenianza lini, mimi niliyekuja kwenye nikahi yangu na viatu vya kaka yangu. Akasema jambo la mtoto likiharibika kwa sababu yangu yeye anahamia kwa dada yake Leicester, na funguo anaondoka nazo. Nasreen hakusema kwa Kiswahili, hasemi akiwa na wasiwasi. Kaniomba kwa Kiingereza niwe mtu wa kawaida siku moja tu, Jumamosi, basi. Nikamwambia inshallah.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kitako. Cha mti wa jozi. Davinder alikuwa nacho siku zote nyuma ya pazia, mshenzi yule. Mtambo wa kuwashia kautia kama nyongeza, maana ulikuwa unampotezea nafasi.

Ila kitako ni kirefu, hakifichiki kwenye koti. Nikanunua mkeka, nikakifunga ndani yake pamoja na mtutu niliokuwa nimeuacha dukani. Nimepanda lifti na kupita mlangoni kwangu kama mtu mwema. Shemsa kuuona mkeka akafurahi hasa, akasema hakutegemea kwamba ningewafikiria wageni. Akaja kuutandika. Nikamwambia mkeka mpya lazima ulale umekunjwa siku mbili ndiyo unyooke. Sijui nimeyatoa wapi. Kaniamini, na hilo limeniuma kidogo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wote wametoka kununua halua. Nimejifungia chumbani nikashika mtutu, nikashika kitako, vikaingiana vyenyewe. Sikulazimisha.

Siwezi kusema bunduki imevuka mlango. Imezaliwa ndani. Gobori nimelitia bafuni, lisikae peke yake lile jingine.

Jumamosi, 12 Oktoba

Niandike yaliyotokea.

Walikuja wakati waliosema, hilo peke yake lingenitia shaka. Wanawake chumbani, wanaume ukumbini, mkeka mpya, udi, sambusa, halua. Mbarouk na ndugu zake, na mshenga wao Mzee Abdisamad, mtu mwenye maneno kama asali. Akasema wameona ua katika bustani yetu, wanaomba kulichuma kwa idhini yetu. Nikajibu vizuri. Nikasema bustani ni yao. Shemsa alikuwa akinisikiliza nyuma ya mlango, nilisikia bangili zake zikitulia.

Ningenyamaza hapo. Wallahi ningenyamaza hapo. Lakini Mbarouk alikuwa amekaa chini ya bastola yangu pale ukutani, na kila nikimtazama namwona ndege juu ya kichwa chake, anatazama kushoto, anamtafuta mwenzake. Nikasema limebaki jambo dogo la mila. Kilemba cha baba. Si pesa, pesa sitaki. Nataka bastola moja yenye ndege anayetazama kulia.

Mzee Abdisamad akadhani ni mzaha, akacheka peke yake. Mbarouk akaweka kikombe chini polepole. Akaniuliza kama nimelea binti au nimelea chambo. Nikamjibu kwamba anayeng'ang'ania kipande cha shaba mwanawe anapotafuta mke ndiye wa kuulizwa. Akasema bastola haitoki. Nikasema na mimi basi sina haraka. Nilisema hivyo, mbele za watu, habari ya mwanangu. Wakasimama. Halua hawakuigusa.

Shemsa hakupiga kelele. Alikusanya vikombe. Thuwaiba alisema neno la Kiingereza ambalo sikumfundisha. Nasreen ndiye aliyekuja kukaa pale alipokuwa amekaa Mbarouk, na nguo yake nzuri, na hina ambayo alijipaka mwenyewe. Akaniuliza, safari hii kwa Kiswahili, "Baba, kama na mimi ningekuwa wa kuning'inizwa ukutani, ungenitaka hivyo?"

Nimeona haya. Nimeona haya ambayo sijawahi kuiona tangu niingie nchi hii.

Jumapili, 13 Oktoba

Shemsa kapika pilau ya watu watatu. Sisi ni wanne.

Kisha akaenda bafuni akayahesabu. Akatoka akaniuliza lile la pili limeingiaje. Nikaanza kueleza kwamba mtutu bila kitako si bunduki. Hakungoja nimalize, alitoa begi la safari juu ya kabati, na gobori la juu ya kabati likamwangukia begani. Sikucheka. Mungu shahidi.

Nikampigia Valère. Hakuwa na mzaha leo. Akasema, "Enda ombe musamaha, ndugu yangu. Na usiende mikono mitupu." Nikatazama ukuta. Nikajua mikono haitakuwa mitupu.

Nimemshusha ndege wangu, nimemfunga katika kanga ya Shemsa, nikapanda basi kwenda Longbridge kama abiria. Njia nzima nilimshika kifuani. Nililia kidogo, niandike tu, hakuna anayesoma humu.

Mbarouk alifungua mwenyewe. Macho mekundu, Suhaib hasemi naye tangu jana. Sikuingia hata ndani, nikamwambia mkwe nimekosa, chukua hii, warudishie watoto furaha yao. Akaifungua kanga. Akakimbia ndani akarudi na yake, akaziweka zote mbili juu ya kabati la viatu la mlangoni. Ndege wakatazamana. Tulisimama pale kibarazani kwake, wazee wawili, tunawatazama. Akasema yeye naye alikosa, aliondoka kwa hasira kwa ajili ya kipande cha shaba. Tukakumbatiana. Posa imerudi.

Alinisindikiza mpaka kituoni. Bastola zilibaki kwake, zote mbili. Hakuzungumzia hilo, nami sikuzungumzia, ingawa nililitaja moyoni kila kituo mpaka mjini.

Shemsa amerudisha begi juu ya kabati. Nimepewa pilau. Baridi, lakini pilau.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mzee Abdisamad kaja tena, safari hii kumuuliza bibi harusi mahari yake. Mahari ni neno la mwanamke, hakuna mzee anayeingilia. Nasreen akajibu bila kufikiri: bastola mbili za ndege, zote, pamoja.

Nilicheka mpaka Shemsa akanifinya. Mbarouk, naambiwa, alipofikishiwa habari alikaa kwenye ngazi. Lakini afanyeje? Suhaib keshasema ndiyo, na mwenye duka la mapazia keshalipwa. Mimi nikaanza kupima ukuta.

Nasreen akaniona na futi kamba. Akanieleza kwamba mahari ni mali yake, na zitakaa nyumbani kwake. Tukitaka kuziona, baba na mkwe, tuje pamoja, tunywe chai, tutazame kwa macho. Kushika hakuna. Nikamuuliza hata kupangusa vumbi? Hata vumbi.

Nimekubali. Mtoto kanifunza. Kusanya, kusanya, mwisho wake nini? Nimemwambia Shemsa kwamba njaa ile imekwisha kabisa. Amenitazama, akasema tutaona.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumeoza. Alhamdulillahi. Nasreen aling'aa, Suhaib alitetemeka, jozi ililetwa kwenye sinia juu ya hariri na watu wakasimama kuitazama. Mimi na Mbarouk tulishikana mikono kama ndugu wa tumbo moja. Tumekubaliana hatununui tena, wala yeye wala mimi, tumezeeka, tungoje wajukuu. Tulimaanisha. Biriani lilikuwa zuri, nilikula na moyo mweupe.

Kwenye meza yetu alikaa mgeni, mzee wa Coventry, rafiki wa upande wa Mzee Abdisamad. Mazungumzo yakaja, yakaenda. Akasema kwamba marehemu babu yake alimwachia gobori la mitutu mitatu. Mitatu! Sijapata kusikia. Ndani yangu kitu kikasimama. Nikamuuliza kwa utulivu kabisa habari za familia. Ana kijana mmoja, mhandisi, hajaoa.

Nikageuka kumtafuta Mbarouk ili nimwone kama amesikia. Hakuwapo kitini. Alikuwa ng'ambo ya ukumbi, anamnong'oneza binti yake mdogo, na binti tayari kashika sinia la halua.

Nimempigia Thuwaiba simu. Nikamwambia aache kupiga picha, achukue kahawa, aje mbio.