Gitaa la Marehemu Baba Lirudishiwe Ubovu Wake

Kilema,
8 Januari 1996

Kwa Fundi Sirili,
Moshi Mjini.

Ndugu Fundi,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo sote, isipokuwa mimi ambaye sina raha, na aliyeniondolea raha ni wewe.

Utakumbuka dada yangu Yuditha alikuletea gitaa kuukuu la nyuzi kumi na mbili, alilokuja nalo marehemu baba yetu kutoka Mombasa. Shingo ilikuwa imepinda, tumbo limepasuka, na kwa miaka sita tetea wangu alikuwa akitagia humo. Wewe, bila kuuliza ukoo, ukalitengeneza mpaka likapona. Malalamiko yangu ni haya:

1. Baba alipofariki tuligawana kwa haki. Mimi mkubwa nilichukua kihamba, yaani shamba la ukoo, pamoja na kahawa na migomba yake yote. Kitindamimba wetu, Ildefonce, akachukua nyumba. Kwetu binti harithi ardhi, lakini sisi si watu wa roho mbaya, tukampa Yuditha gitaa. Siku hiyo tulicheka mpaka mbavu zikauma, naye akashukuru.

2. Tulichompa ni gitaa bovu. Ubovu ndio urithi wake. Huo uzima uliouongeza wewe hakupewa na mtu, kwa hiyo ni mali ya ukoo.

3. Krismasi, kila Mchagga aliye mbali amepanda kuja nyumbani, Yuditha akalipiga nje ya kanisa baada ya misa. Watu walilia. Hata mimi nililia, tena mbele ya wakwe zangu, aibu gani hii! Tangu hapo anaitwa kwenye harusi mpaka mji wa Kwa Sadala, na mimi nimekaa na magunia yangu nikiwangoja hawa wanunuzi binafsi wa kahawa, wenye magari mapya na mizani ya maajabu. Hebu niambie, nani hapo amerithi?

4. Mbuzi wa ukoo akichinjwa, kila mtu anajua kipande chake. Basi mimi nipewe nyuzi saba kwa ukubwa wangu, Ildefonce tano, na Yuditha abaki na mbao, maana hatupendi kumdhulumu. Nilipomweleza hivyo alinijibu kwa upole, "Kaka, mlinipa mkicheka. Niacheni na mimi nicheke." Mdogo mtu kunijibu hivyo!

5. Kama ufundi wako hauruhusu mgawo huo, lirudishe lilivyokuwa. Shingo uipinde, tumbo ulipasue palepale. Tetea nitamleta mwenyewe.

Nategemea kazi itakuwa imekwisha kabla ya Kwaresima. Msalimie mama watoto, mafundi wenzako, na majirani wote wanaovumilia kelele za randa yako.

Ni mimi, mtetezi wa haki,
Wenseslaus,
Mkubwa wa ukoo.

N.B. Kabla sijaipeleka barua hii posta, Ildefonce alikuja na wazee wawili. Wamesema kwa kuwa Mungu amenijalia mabinti wanne na sina mtoto wa kiume, nikifa kihamba changu kitakwenda kwa wana wa Ildefonce. Wanangu watapewa masufuria. Nakuomba sana, fundi, mwambie Yuditha aje kwenye kikao cha ukoo Jumapili, awaeleze wanaume hawa kwamba alichopewa binti ni chake. Mimi naona haya kumwomba.